Unatafuta Kiwanja Masasi au Newala? Uliza Haya Kabla Hujatoa Pesa

Msimu wa korosho ukifunguka, simu za madalali wa Masasi na Newala huanza kuita. Mkulima amelipwa, mtumishi amepata mkopo, na kijana aliyeko Dar anataka "na mimi niwe na kitu nyumbani". Kiwanja kinaonyeshwa kwa picha ya WhatsApp, bei inatajwa, na hela ya kishika uchumba inatumwa kwa simu siku hiyohiyo.

Shida huja baadaye. Maji hayafiki. Anatokea mjomba wa muuzaji anasema hajawahi kukubali ardhi iuzwe. Au nyumba imefika kwenye renta, halafu ukuta unachorwa X nyekundu.

Ukweli ni kwamba upande huu wa kusini, bei si swali la kwanza. Kuna maswali manne yanayotangulia: maji yanatoka wapi, ardhi ni ya nani hasa, barabara imeishia wapi, na mpangaji wako atakulipa kwa hela ya nini. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Masasi na Newala ni miji miwili tofauti

Wengi huitaja kwa pamoja kama vile ni mtaa na mtaa. Sivyo.

Newala iko juu kabisa, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Kuna ubaridi, upepo ni mzuri, na ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Ni mji wa kuishi kwa utulivu, mji wa watumishi, wastaafu na wakulima wa korosho.

Masasi iko chini, upande wa magharibi wa uwanda, katikati ya milima ya mawe kama Mkomaindo. Kuna joto zaidi na kuna pilika zaidi. Ni mji mkongwe pia: mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliweka hapo makazi ya watu waliokombolewa utumwani.

Nguvu kubwa ya Masasi leo ni njia panda. Barabara ya Lindi na Mtwara inafika hapo, ya Tunduru na Songea inaanzia hapo, ya Nachingwea ipo, ya Newala ipo. Ukipitia Mangaka unafika Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha Tanzania na Msumbiji. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara nayo yanapita hapo.

Kwa hiyo kama unataka fremu za biashara, ghala au gesti, Masasi ina mzunguko mkubwa zaidi. Kama unataka nyumba ya kuishi na hali ya hewa safi, Newala inavutia. Ila Newala ina sharti lake, nalo ni maji.

Swali la 1: Maji yanatoka wapi?

Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini na kwenda kutokea mabondeni. Huku juu hakuna mito ya kutegemea wala visima vifupi vya kuchimba kwa jembe. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 aliandika kuhusu adha ya watu kushuka mabondeni kutafuta maji na kupanda nayo mlima. Zaidi ya miaka 100 imepita, na swali la maji bado ni la kwanza.

Maji ya bomba ya Newala husukumwa kutoka chini, chanzo kikuu kikiwa Mitema, bondeni upande wa Kitangari. Maana yake ni kwamba pampu ikisimama au umeme ukikatika, bomba la huku juu linakauka. Uwanda wa Makonde umo kwenye ule mradi mkubwa wa maji wa miji 28 unaotekelezwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022. Ni habari njema, lakini usilipe bei ya kiwanja chenye maji wakati bomba bado liko kwenye mchoro.

Masasi ina nafuu. Mji huo pamoja na Nachingwea unapata maji kutoka chanzo cha Mbwinji. Hata hivyo mitaa ya pembezoni inayokua haraka haina mtandao sawa na ya katikati. Usiulize kama "Masasi kuna maji". Uliza kama bomba limefika kwenye kiwanja hiki, na linatoka siku ngapi kwa wiki.

Wenyeji wa Newala wamejifunza kuishi na hali hii kwa kuvuna mvua. Nyumba nyingi zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, kinachopokea maji kutoka kwenye mabati. Hesabu yake ni rahisi.

Bati lenye eneo la mita za mraba 100 hukusanya lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua. Tuseme mwaka una mvua milimita 900. Hapo ni lita 90,000, na hata ukipoteza robo yake unabaki na zaidi ya lita 67,000.

Sasa angalia matumizi. Familia inayotumia ndoo 6 za lita 20 kwa siku inahitaji lita 120. Kiangazi cha miezi 6 ni kama siku 180, yaani lita 21,600. Kwa hiyo simtanki moja la lita 5,000 litaisha ndani ya siku 42 hivi. Unahitaji kisima cha lita 22,000 kwenda juu ili uvuke kiangazi bila kununua maji ya boza au ya baiskeli.

Ndiyo maana nyumba ya Newala yenye bati zima na kisima kisichovuja ina thamani kuliko nyumba yenye vigae vya kung'aa sakafuni lakini haina kisima. Ukienda kuangalia nyumba, fungua mfuniko wa kisima. Kama ni Septemba na bado kuna maji, hapo kuna jambo la kuzungumza. Kama ni Mei na kimekauka, kuna ufa.

Ushauri: tembelea eneo mara mbili. Nenda Oktoba, mwisho wa kiangazi, uone hali ya maji. Nenda tena Februari au Machi, mvua zikiwa zimekolea, uone matope, makorongo na maji yanakopita. Newala, kaa mbali na kingo za uwanda, maana udongo wa kichanga hukatika. Masasi, angalia viwanja vilivyo chini ya miamba. Mwamba haunywi maji, mvua yote inayoudondokea inashuka kwako.

Swali la 2: Ardhi hii ni ya nani hasa?

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia, hasa waliozoea mikoa ambayo ardhi hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume.

Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mjomba, yaani kaka yake mama, ana sauti kubwa. Mashamba mengi ya zamani yamepita kwa bibi, mama, dada na wajomba. Mambo yamebadilika siku hizi, na familia nyingi huwarithisha watoto moja kwa moja, lakini desturi haijafa.

Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kukuuzia shamba analolima kila mwaka, majirani wote wakasema "ndiyo, ni lake", kumbe analitumia tu kwa idhini ya ukoo. Ukiweka msingi, dada zake na wajomba wanatokea. Si lazima wawe matapeli. Wanadai haki yao.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali hili: "Wewe ulipataje?" Kama alinunua, aonyeshe maandishi. Kama alipewa na serikali, aonyeshe barua ya toleo au hati. Kama alirithi, taka kukutana na mama yake au mjomba wake na ndugu zake, na wote wasaini. Kama ana mke au mume, sheria inataka ridhaa ya mwenza pale inapouzwa nyumba ya familia. Bila saini hiyo umenunua kesi.

Jambo jingine ni mikorosho. Usidhani mti na ardhi ni kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa amepanda mikorosho kwenye ardhi ya mwingine kwa makubaliano ya zamani. Pia wakulima wengi wakibanwa na shida huweka mikorosho rehani: mkopeshaji anavuna msimu mmoja au miwili mpaka deni liishe. Ukinunua shamba lililo rehani, utaona watu wamekuja kuokota korosho "zako" na watakuwa na karatasi mkononi. Uliza kwa majirani na kwa viongozi wa kijiji: mikorosho hii nani alivuna mwaka jana?

Mjini na kijijini, sheria si moja

Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sisi tunamiliki haki ya kuitumia. Kuna sheria mbili kubwa za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5.

Ndani ya Halmashauri ya Mji wa Masasi au wa Newala, tafuta kiwanja kilichopimwa. Kina namba, kina kitalu, kina ramani na mawe ya mipaka, yale tunayoyaita bikoni. Hati yake hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Peleka namba ofisi ya ardhi wafanye upekuzi kabla hujalipa. Upekuzi utakuambia jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na kama kuna zuio la mahakama. Uliza pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana deni lake litakuwa mzigo wako. Na kumbuka kuwa hati huja na masharti. Kwa kawaida unatakiwa kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36.

Ukitoka nje ya mji unaingia kwenye ardhi ya kijiji. Huko mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia ardhi, hata awe mkarimu namna gani. Ombi la mtu asiye mkazi wa kijiji hupitia Halmashauri ya Kijiji na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Taka muhtasari wa kikao wenye mihuri. Hati ya huko ni ya haki miliki ya kimila.

Ile "asilimia 10 ya serikali ya mtaa" unayoambiwa ulipe si kodi iliyowekwa na sheria ya ardhi. Kodi halali wakati wa kuhamisha umiliki zipo: kuna kodi ya ongezeko la mtaji, inayomhusu muuzaji, na ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, mbele ya wakili. Na kila unachotoa, dai risiti.

Kwa ndugu zetu waliochukua uraia wa nje: sheria ina masharti yake kwa asiye raia anayetaka kumiliki ardhi, yaulize kwanza kwa wakili. Kununua kwa jina la binamu ni kumpa binamu kiwanja.

Swali la 3: Barabara imeishia wapi?

Kilio cha muda mrefu cha Newala na Tandahimba ni barabara. Sasa kuna mradi wa lami wa kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kipande cha kilomita 50 cha Mtwara hadi Mnivata kilitangulia.

Madalali wanaijua habari hii kuliko wewe. Kila kiwanja siku hizi "kiko jirani na lami". Na hapo ndipo penye mtego: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na ya mkoa. Ukinunua kiwanja cha upana wa mita 20 kinachogusa barabara, unaweza kuwa umenunua hifadhi tupu. Aliyejenga ndani ya hifadhi baada ya sheria hiyo hana cha kudai fidia.

Chukua futi kamba, pima mwenyewe. Halafu nenda ofisi ya TANROADS au idara ya mipango miji ya halmashauri uulize mchoro unapita wapi. Kiwanja kilichorudi nyuma mita 100 kina faida zote za lami bila wasiwasi wa X, bila vumbi, na watoto wako hawavuki mbele ya malori.

Swali la 4: Mpangaji atakulipa kwa hela ya nini?

Uchumi wa Masasi na Newala unapumua kwa korosho. Mkulima anapeleka AMCOS, mzigo unaingia ghalani, unauzwa kwa mnada chini ya vyama vikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007. Minada huanza Oktoba na hela hutembea hadi Januari hivi.

Bei ikiwa nzuri, mji mzima unajua. Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa TANECU ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ikivurugika, mji mzima pia unajua. Msimu wa 2018 wafanyabiashara walitaka kununua kwa bei ya chini, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likasomba mzigo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Wakati huo hata muuza chapati alikopwa.

Kwa hiyo jiulize nani atakaa kwenye nyumba yako. Mpangaji anayetegemea msimu atakulipa vizuri Novemba na atakukwepa Julai. Mpangaji wa uhakika ni yule wa mshahara na mwanafunzi: mwalimu, nesi, mtumishi wa halmashauri, mtu wa benki. Masasi kuna hospitali ya Mkomaindo na chuo cha maafisa tabibu. Wilaya ya Newala ina hospitali yake, na Kitangari kuna chuo cha ualimu. Nyumba iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sehemu kama hizo haikai wazi muda mrefu.

Sasa piga hesabu kwa utulivu. Chukua mfano wa kubuni: umetumia milioni 30 kununua kiwanja na kujenga vyumba vinne, kila kimoja unakipangisha kwa 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,920,000. Hela yako itarudi baada ya miaka 15 na nusu hivi, tena kama vyumba havikai wazi hata siku moja. Vikikaa wazi miezi miwili kila mwaka, inakuwa karibu miaka 19. Hapo hujatoa ukarabati, kodi ya pango, wala kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU.

Maana yake si kwamba usijenge. Maana yake ni kwamba nyumba za huku ni akiba ya muda mrefu. Anayekuambia utarudisha hela ndani ya miaka mitatu anakuuzia ndoto.

Kusini tumeshaahidiwa mengi

Wazee wanakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Nachingwea, wakajenga reli kutoka Mtwara. Mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa.

Vijana nao wanakumbuka ya gesi. Kati ya 2012 na 2015, bomba la kwenda Dar likijengwa, Mtwara mjini bei za viwanja zilipanda kwa kasi, hoteli zikafunguliwa, watu wakakopa wajenge nyumba za "wazungu wa gesi". Wazungu wakapungua, vyumba vikabaki, na marejesho ya benki yakaendelea kudaiwa kila mwisho wa mwezi.

Aliyenunua wakati ule kwa ajili ya kuishi bado ana nyumba na hana malalamiko makubwa. Aliyeumia ni aliyenunua kwa mkopo akitegemea habari za kesho. Lami, bomba na mnada mzuri ni mambo ya kufurahia, lakini lipa bei ya kile unachokiona leo.

Na wewe unayeuza

Makala haya si ya wanunuzi tu. Miezi ya Februari na Machi, hela ya korosho ikiwa imeisha na chakula shambani bado, ndipo ardhi nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa ili mtu apate ada, matibabu au bodaboda. Bodaboda itachakaa baada ya miaka michache. Ardhi ya ukoo ikishaenda haikui tena.

Kama lazima uuze, kaa na mama, wajomba na ndugu kwanza. Uza sehemu, usiuze yote. Pima eneo kabla ya kuuza, maana kiwanja kilichopimwa kina bei kuliko "kuanzia mwembe hadi njia". Na lipwa benki, usilipwe gizani.

Kwa ufupi, kabla hujatoa hata shilingi:

1. Fika mwenyewe, kiangazi na masika.
2. Uliza maji ya kiwanja hicho, si ya mji. Newala, weka gharama ya kisima kwenye bajeti kabla ya vigae.
3. Muulize muuzaji alipataje, na uonane na ukoo wa mama.
4. Uliza mikorosho ni ya nani na kama iko rehani.
5. Mjini fanya upekuzi. Kijijini taka muhtasari wa Mkutano Mkuu.
6. Pima mita 30 kutoka katikati ya barabara.
7. Mjue mpangaji wako kabla ya kumwaga zege.

Una ndugu anayesubiri mnada wa Oktoba ili akanunue kiwanja? Mtumie hii leo, kabla dalali hajampigia simu.